Baba Alipouliza Lilipo Jiwe la Mizani

Maradhi ya tezi dume hayazungumzwi barazani kwetu Mchinga. Wazee watakaa baada ya swala ya Alasiri, watazungumza bei ya ufuta, mvua iliyochelewa, ndoa ya mtoto wa fulani na mashua ambayo haijarudi, lakini hutamsikia hata mmoja akisema kwamba usiku huamka mara sita kwenda msalani na mkojo hutoka kwa matone. Ni jambo la aibu, na aibu kwa mzee wa pwani ni vazi asilolivua hata mbele ya tabibu. Kwa hiyo kabla ya kuandika makala haya nilimwomba Baba ruhusa. Alinyamaza, akavuta tasbihi yake punje mbili tatu, kisha akasema: "Andika, mwanangu, ila jina langu liache." Basi nimeliacha.

Msomaji atanisamehe nikianza na mizani kabla ya ugonjwa, kwa sababu bila mizani kisa hiki hakieleweki. Kabla macho yake hayajachoka, Baba alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika. Korosho na ufuta wa wakulima wa vijiji kadhaa vilipita mbele yake gunia kwa gunia. Katika nchi yetu ya kusini, ambako mlanguzi wa kangomba hununua korosho za masikini kwa kopo kabla ya msimu kufunguliwa, mtu anayeshika mizani huwa kipenzi cha kijiji au huwa adui wa kijiji. Baba aliishika kazi ile kama ibada. Alizoea kutukumbusha kwamba katika Qur'ani ipo sura nzima inayoitwa kwa jina la wapunjao vipimo, Al-Mutaffifin, na kwamba hakuna sura inayoitwa kwa jina la wezi wa kuku. Maofisa wa vipimo walipofika na mawe yao ya kupimia, yeye ndiye aliyetangulia kufungua ghala. Jiwe la kilo 20 liliwekwa juu ya mizani. Mizani ikisema 20 ilipigwa muhuri, ikisema vinginevyo ilifungiwa. "Mizani haijijui kama inadanganya," alikuwa akituambia. "Lazima liwepo jiwe la kuisuta."

Dalili zake zilianza kuonekana na watu wa nyumbani mwishoni mwa mwaka 2022. Mama ndiye aliyetuambia, kwa mafumbo, kwamba mzee halali. Tulimpeleka katika kituo kimoja cha tiba ambacho sina haja ya kukitaja, tukaambiwa kwamba mashine ya altrasaundi ni mbovu, turudi mwezi ujao. Mwezi uliofuata tulirudi, na ule mwingine pia. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe safi, kama maiti aliyeandaliwa vizuri. Baadaye sana nilikutana na fundi aliyeitwa kuitengeneza. Aliniambia kwamba kilichokufa ni sehemu ndogo inayopokea umeme, imeungua kwa umeme kupanda na kushuka, na kwamba chumvi ya hewa ya bahari ilikuwa imeanza kula vishikizo vya nyaya. Kazi yenyewe ilimchukua muda wa kati ya Adhuhuri na Alasiri. Miezi yote iliyobaki ilikuwa ya kungoja barua, idhini na nauli yake.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Sisi hupenda sherehe ya kupokea mashine. Utepe hukatwa, picha hupigwa, dua huombwa. Mhandisi wa vifaa tiba hayumo katika picha hiyo. Vijana wa fani hii wanafundishwa hapa hapa nchini, katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, lakini mzazi akisikia mwanawe amechaguliwa kuisomea huuliza kama ataitwa daktari. Mimi nadhani kijana mmoja mwenye mkoba wa vifaa na pikipiki, akiwa na makazi Lindi au Kilwa, angewafaa wazee wa pwani hii kuliko mashine mbili mpya zisizo na mtu wa kuzitazama. Hayo ni maoni yangu tu.

Hatimaye Baba alipimwa kwingine. Damu ilipimwa kipimo kinachoitwa PSA, ikaonekana imepanda mno. Dar es Salaam akachukuliwa kinyama, na jibu likaja kuwa ni saratani, ila bado imo ndani ya tezi na haijasambaa. Madaktari walishauri sindano za kupunguza homoni kwa miezi kadhaa, kisha tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Kikao cha familia kilikaa nyumbani kwa dada yangu Mbagala, ambako nusu ya Lindi imehamia. Baba mdogo alikuja juu. Alisema mionzi ni moto, na mzee wa miaka zaidi ya 70 hatiwi motoni. Heri arudishwe Mchinga akale dagaa wake, akafe karibu na kisima cha babu yake. Wengine waliinamisha vichwa, na kuinamisha vichwa katika kikao cha ukoo maana yake ni kukubali. Baba alikuwa wa mwisho kusema. Hakuzungumzia kufa wala moto. Alisema: "Mimi sikatai dawa. Lakini dawa ya maji naiona katika chupa, na kidonge nakihesabu. Hiyo mionzi haionekani, haina harufu, hailii. Nani anaipima? Na anayeipima, jiwe lake liko wapi?" Akasema asipojibiwa swali hilo harudi hospitali. Tuliona ni ukaidi wa uzee. Dada yangu alilia.

Ocean Road si jengo jipya. Ilijengwa na Wajerumani ukingoni mwa bahari ikafunguliwa mwaka 1897, na mwaka 1996 ikawa taasisi inayojitegemea ya kutibu saratani. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi pale ilitegemea mashine za kobalti. Mashine hizo hubeba ndani yake kipande cha madini kinachotoa mionzi usiku na mchana, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na miezi mitatu hivi. Yaani kila mwezi unaopita mashine imepoteza takriban asilimia 1 ya nguvu yake, na mtu asiyefanya hesabu ya kuongeza muda wa kumlaza mgonjwa chini yake atakuwa anampunja bila ya kujua. Mwaka 2018 zilifungwa mashine za aina nyingine, zinazofupishwa kwa jina la LINAC. Hizi hazina madini ndani. Hukimbiza elektroni kwa umeme hadi kasi inayokaribia ya mwanga, elektroni zikagonga kipande cha metali, na hapo hutoka eksirei zenye nguvu kuliko zile za kupiga picha ya kifua. Umeme ukizimwa, hakuna mionzi.

Tulimpeleka Baba kuonana na mtaalamu tu, bila kumwahidi lolote. Daktari alipoelezwa swali lake hakucheka. Alisema, "Hilo si langu mimi, ngoja nimwite mwenyewe." Akaja binti mwenye hijabu, na kifuani amebana kidude kidogo cha plastiki ambacho baadaye tuliambiwa huhesabu mionzi inayomfikia yeye mwenyewe kazini. Alikuwa mtaalamu wa fizikia tiba. Akasema, "Shikamoo babu." Baba akaitikia marahaba, akamtazama kwa shaka, kisha akauliza moja kwa moja: "Jiwe lenu la kupimia liko wapi?"

Binti alielewa mara moja, na hili lilinishangaza kuliko mashine zote nilizoziona baadaye. Alikaa kitako, akaeleza. Jiwe lao, alisema, ni chemba ndogo ya hewa, nyembamba kama kidole cha mtoto. Huizamisha ndani ya tangi la maji, sentimita 10 chini ya uso wa maji, kisha huiwasha mashine. Maji, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili wa mwanadamu ni maji. Mionzi ikipita katika ile hewa huzaa umeme kidogo mno, na umeme huo ndio unaosomwa. Kipimo kirefu cha tangi hufanywa kwa vipindi, lakini kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza kulazwa, hufanywa kipimo kifupi. Mashine ikitofautiana na ilivyopaswa kuwa kwa zaidi ya asilimia 3, hakuna anayetibiwa mpaka sababu ijulikane.

Baba akasema, "Vema. Na hiyo chemba, nani anaisuta?"

Akaambiwa kwamba chemba nayo hupelekwa katika maabara ya viwango, ikalinganishwa na chemba nyingine iliyo juu yake, na hiyo na nyingine, mpaka kwenye viwango vinavyokubaliwa na mataifa yote. Juu ya hapo, tangu mwaka 1969 Shirika la Nguvu za Atomiki Duniani na Shirika la Afya Duniani yamekuwa yakizitumia hospitali za nchi mbalimbali vipimo vidogo kwa njia ya posta. Hospitali huvipiga mionzi kwa kiasi ilichoagizwa, huvirudisha vilikotoka, navyo husomwa katika maabara ya Seibersdorf, karibu na Vienna, na watu wasioijua hospitali hiyo wala kuionea haya. Na hapa nchini Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo iliyopewa na sheria ya mwaka 2003 kazi ya kusimamia matumizi ya mionzi.

"Na mwisho wa yote mnakosea kwa kiasi gani?"

"Babu, duniani kote tunajitahidi dozi inayomfikia mgonjwa isipishane na iliyoandikwa na daktari kwa zaidi ya asilimia 5."

Baba akapiga hesabu hapo hapo. "Kwa gunia la kilo 100, hizo ni kilo 5. Mimi ningefukuzwa kazi." Binti alicheka hadi akashika mdomo. Akamweleza kwamba gunia halipumui, wala kibofu chake hakijai na kupungua, wala halitetemeki kwa baridi ya chumba. Na asilimia hizo 5 ni jumla ya makosa yote kutoka kwenye tangi la maji hadi kwenye kitanda. Baba akatikisa kichwa. Tulipotoka nje aliniambia, "Huyu anajua anakokosea. Hao ndio wa kuaminiwa." Siku ya pili alikubali kutibiwa.

Lile la moto la baba mdogo nalo lilipata jibu, ingawa mwenyewe hakulipenda. Dozi ya Baba ilikuwa gray 60, zikigawanywa mara 20, gray 3 kila mara. Gray moja ni jouli moja ya nishati ndani ya kila kilo moja ya mwili. Jina hilo ni la mwanafizikia Mwingereza, Louis Harold Gray. Ukizichukua gray zote 60 ukazitia katika maji kwa mkupuo, joto la maji hayo halitapanda hata nusu ya sehemu ya kumi ya nyuzi moja. Kikombe cha chai ya moto kina nishati kubwa kuliko hiyo mara mamia. Mionzi haiponyi kwa kuchoma. Hukata nyuzi za vinasaba ndani ya chembe za mwili, na chembe za saratani hushindwa kujirekebisha kama zile zilizo nzima. Ndiyo sababu dozi hugawanywa siku nyingi: chembe nzima zipate usiku wa kujitengeneza. Na ndiyo sababu mionzi huelekezwa kutoka pande kadhaa, zote zikutane kwenye tezi, ili ngozi na utumbo vipate kidogo kidogo. Madhara hata hivyo yapo, na Baba aliyapata: uchovu, mkojo wa kuunguza katika wiki ya tatu, na kwenda haja kwa haraka. Alionywa mapema, hivyo hakuna lililomshtua.

Kulizuka jambo moja ambalo hatukulitarajia. Kabla ya kuanza alipigwa picha za kupangia tiba, kisha akachorwa alama za wino kiunoni na chini ya kitovu ili kila siku alazwe pale pale alipolazwa jana. Akaambiwa asizisugue. Baba alirudi Mbagala amenyong'onyea. Josho la Ijumaa atalifanyaje? Na kama wino unazuia maji kufika kwenye ngozi, si udhuru huo utamfuata katika kila josho? Nilimpeleka kwa imamu wa msikiti wa mtaani. Sheikh aliuliza swali moja tu: "Ukipitisha ukucha, unahisi ganda?" Baba akasema hahisi, ni rangi tu. Sheikh akaeleza kwamba kinachozuia maji ni kitu chenye mwili, kama nta, lami au unga uliokauka. Rangi iliyoingia katika ngozi hukumu yake ni kama hina, maji yanafika na josho linaswihi. Amwagie maji bila kusugua. Na kwa ule mkojo usiosubiri, akamfundisha hukumu ya mwenye udhuru: atie udhu baada ya wakati wa swala kuingia, aswali, asijitese kwa wasiwasi. Nayaandika haya kwa kuwa naamini wapo wagonjwa wanaoyafuta maandishi yale kwa sabuni, wakitaka kumridhisha Mola wao, na hakuna aliyewaambia kwamba hawana haja ya kufanya hivyo.

Tiba yenyewe ilichukua wiki nne, katika Mfungo Pili wa mwaka 2023. Ilikuwa daladala ya Mbagala hadi Posta, kisha bajaji hadi ufukweni, Jumatatu hadi Ijumaa. Kabla ya kuingia alitakiwa anywe maji na kibofu kijae, ili kisukume utumbo mbali na njia ya mionzi, na mzee ambaye ugonjwa wake ndio huo huo wa kushindwa kuzuia mkojo alikaa kwenye benchi amebana magoti, midomo ikitembea kwa dhikri. Ndani alikaa dakika chache. Akitoka alikuwa akitafuta msala kwanza, simu pili. Msimu wa ufuta ulikuwa umefunguka, na kila siku alimpigia mdogo wangu Mchinga kuuliza gunia limesoma kilo ngapi na kama muhuri wa mizani ni wa mwaka huu. Alimaliza siku ya Ijumaa, akaswali msikiti ulio karibu, na Idi ya Kuchinja ikamkuta nyumbani kwake.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na wazee wasiojiweza wameahidiwa matibabu bila malipo. Lakini sera haipandi daladala mara 40. Kutoka Mchinga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, na tiba ya mionzi haigawiwi kwenye zahanati kama vidonge. Asiye na dada Mbagala anafanyaje? Saratani ya tezi dume huwapata hasa wazee, na kadiri Mwenyezi Mungu anavyotuzidishia umri ndivyo swali hili litakavyozidi kubisha hodi katika nyumba zetu. Familia zinazoweka fungu kwa ajili ya arusi zinaweza pia kuweka fungu kwa ajili ya nauli ya wazee. Sioni kama ni bid'a.

Nyumbani Mchinga niliwanunulia wazazi mashine ndogo ya kupimia presha, ile ya betri. Baba hakuiamini hata kidogo. Aliibeba hadi zahanati, akapimwa kwa yao, akajipima kwa yake, mara tatu tatu, akaandika katika daftari la zamani la ushirika. Muuguzi, mama mwenye subira, alimfundisha mambo ambayo hayamo kwenye boksi. Akae dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, nyayo chini, asizungumze. Mkono uegeshwe mezani usawa wa moyo, kwa sababu mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, uzito wa damu peke yake huongeza kiasi cha milimita 8 za zebaki, na mtu huongezewa dawa asiyoihitaji. Kitambaa kiwe cha kipimo cha mkono wake. Kikiwa kidogo mno presha husomeka juu kuliko ilivyo. Tena apimwe akiwa amesimama pia, kwa sababu wazee wengi presha huwashuka wanapoinuka, na kizunguzungu wanachokipata wakitoka kwenye sijida hukifanya kuwa ni unyonge wa uzee tu. Kwa Baba tofauti ilionekana, daktari akapunguza kidonge kimoja. Daftari lile sasa lina safu tatu: amekaa, amesimama, na ya tatu ameiandika "jiwe," yaani siku alizoilinganisha mashine yake na ya zahanati.

Mei 2024, siku zake za kurudi Ocean Road kuangaliwa zilipokaribia, Kimbunga Hidaya kikaja na mvua zake. Barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam ilikatika Somanga, Kilwa, mabasi yakasimama pande zote mbili za maji. Baba alikaa na begi lake limefungwa. Njia ilipofunguliwa alikwenda. Damu ilipimwa, na PSA ilikuwa imeshuka na kubaki chini. Alhamdulillah. Ataendelea kupimwa, kwa kuwa maradhi haya yana tabia ya kurudi kimya kimya.

Barazani bado hawalizungumzi. Lakini wazee wawili walimwita Baba kando kwa nyakati tofauti, kila mmoja akidai anauliza kwa niaba ya shemeji yake. Wa kwanza amekwisha kupimwa Lindi, na anangoja majibu. Wa pili anasema atakwenda ufuta ukishauzwa.